Daktari, Kaa Wako Wameshinda

Daktari wangu Sidi,

Kila asubuhi wewe ndiye uliyenipa shikamoo, hata siku ulizokuwa umezama topeni hadi magotini na mkono mmoja umeshika kaa. Leo naanza mimi. Najua umri wangu ungeweza kukuzaa, na najua watu wa kwetu Likoni wakisikia watanicheka. Shikamoo, mwanangu. Ipokee tu.

Habari ninayo na siwezi kuizungusha. Miche imeshika. Kipara, lile eneo letu tupu la mikokoni, kimeota. Jana nilikuwa katikati yake nimeinama napima shina, na Bi Saumu, mwenyekiti wetu, akanitafuta kutoka ukingoni asinione. "Mwanamisi! We Mwanamisi!" Nikamwitikia, "Abee!" na bado asinione, kwa majani. Pale ambapo zamani mtu akiangusha sindano ungemwona anaitafuta kutoka barabarani! Nilibaki nimeinama vile vile, nikalia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikaandika kipimo.

Wewe hukupenda mtu aanzie mwisho. "Tarehe kwanza, mama, kisha maji yalikuwaje, kisha ulichokiona." Basi nisamehe, nimeshaanzia mwisho. Sasa nakwenda taratibu.

Unakumbuka ulivyonikuta? Nilikuwa barazani kwangu Mtongwe, natia pindo gauni la harusi, na mwenye gauni amenisimamia kichwani. Ukaja na mkoba wako mgongoni, ukatoa chandarua kilichokunjwa na nyaya zilizopindwa duara, ukaniuliza kama naweza kushona mifuko ya kukinga majani.

"Majani ya chai?" nikakuuliza.

"Majani ya mikoko, mama. Yanayoanguka."

"Yakianguka si yameanguka?"

"Ndiyo maana nataka kuyadaka kabla hayajafika chini."

Ulipokwenda nilimwambia yule bibi harusi, maskini, msichana mzuri hivi, na akili imemwendea. Lakini nilishona. Kazi ni kazi. Wiki ya tatu ukanirudishia mfuko mmoja umechanika mshononi, na hapo ndipo uliponipata, Daktari, ingawa hukujua. Mimi kazi yangu hairudi. Nilifunga cherehani, nikakufuata mikokoni nione kwa macho yangu ni kitu gani kinachotatua mshono wa Mwanamisi.

Ulikuwa ni waya wako tu, uliufunga vibaya ukawa unasugua tawi. Nikakuonyesha namna ya kutia vitanzi vya kitambaa. Ukaandika vitanzi vyangu kwenye daftari lako, kwa jina langu! Nikauliza, "Na jina langu la nini?" Ukasema, "Mwenye wazo aandikwe." Tangu siku hiyo sikukaa tena barazani wakati maji ya bamvua, yale yanayojaa na kutoka mbali kabisa, yakikupwa. Wateja wangu wakawa wananifuata mpaka ukingo wa matope, gauni mkononi.

Nilizaliwa hatua chache kutoka kwenye mikoko ile. Nimeokota kuni humo, nimechota chaza humo, mume wangu marehemu alikata fito humo za kuezekea nyumba tuliyoanzia maisha. Lakini sikuwahi hata mara moja kujiuliza majani yanakwenda wapi. Yanaanguka kila siku, mwaka mzima, na chini hakuna lundo. Ulinishika bega ukaniuliza swali hilo, nami nikajibu kwa haraka ya mtu mzima, "Si yanachukuliwa na maji."

Hukunibishia. Ulinitaka uzi.

Nikaleta kigurudumu cha uzi mwekundu, ule mgumu wa kushonea mikoba. Tukayafunga majani ishirini ya manjano, kila jani na uzi wake mrefu, na ncha ya pili tukaifunga kwenye kijiti. Ukaniambia tukae chini, tusiseme neno. Mimi kukaa bila kusema! Lakini nilikaa. Na baada ya muda akatoka kaa, mdogo tu, magando mekundu, akalizunguka jani kama mtu anayekagua kitambaa sokoni, akalishika, akalivuta kinyumenyume. Uzi ukaanza kukimbia. Ukafika kwenye tundu ukazama, unazama, unazama.

"Daktari," nikapiga kelele, "kaa amekuibia!"

"Hajaiba, mayo. Amepeleka shambani."

Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniita mayo, neno la kwetu la kumwita mama, ulilolisikia kwa wanangu. Wewe Mgiriama wa Kiembeni. Nilijifanya sikusikia.

Kesho yake maji yalipokupwa tena tulihesabu nyuzi. Chache zilikuwa zimekatika zikaondoka na maji. Nyingi, wallahi, zilikuwa zimeingia matunduni, nyekundu juu ya tope jeusi, kila mahali. Hapo ukanifundisha yale ninayowafundisha wengine leo. Kwamba mti hauliachi jani liondoke na kila kitu. Kabla ya kuliangusha, huvuta kwanza kilicho bora na kukirudisha tawini, na ndiyo maana jani linageuka manjano. Kilichobaki kinaanguka. Kaa anakizika, anakila, anakinya, na wadudu ambao jicho halioni wanakimalizia, mpaka kinakuwa chakula ambacho mzizi unaweza kukinywa. Kisha kinapanda tena juu, kinakuwa jani. Na kwa kuchimba kwake, kaa analipa tope pumzi. "Msitu haununui mbolea, mayo," ukaniambia. "Unajilisha wenyewe. Ukimtoa mmoja kwenye kazi hiyo, unaanza kuona njaa."

Nilirudi nyumbani, nikafagia ua wangu, nikayatazama majani ya mkorosho kwenye kifagio nisijue niyafanye nini.

Sasa Kipara. Naandika kana kwamba hukijui, lakini huenda siku moja mjukuu wangu akaisoma barua hii. Kipara ni lile eneo lililokatwa mikoko yote kwa fito na makaa, kabla yangu na wakati wangu, na hata mume wangu alikuwa na mkono wake. Kikundi chetu cha kina mama kilipanda pale mara mbili. Mara mbili tuliingia na mbegu ndefu za mkoko, tukazichomeka moja moja, migongo ikauma, na mara mbili tulirudi tukakuta zimekatwa kama kwa mkasi. Kaa. Bi Saumu alikuwa amemaliza subira. Aliyasema mbele ya kikundi kizima: tutanunua dawa, tumimine katika kila tundu, kaa wafe, kisha tupande kwa raha.

Ukasimama. Ulikuwa mdogo kuliko wote pale ila wasichana wawili. Ukasema, "Mama zangu, mkiwaua kaa, miche itamea miezi ya mwanzo, kisha itakufa njaa mkiiangalia. Nipeni mwaka niwaonyeshe."

"Na usipotuonyesha?" Bi Saumu akauliza.

"Dawa nitaimimina mimi kwa mkono wangu."

Lakini ulijua unalolifanya. Ulipima miraba minne ndani ya Kipara. Nikaishonea kila mmoja wavu wa kuuzunguka, tukauzika chini kwa kina cha mkono. Miraba miwili tutawatega kaa na kuwahamisha, miwili tutawaacha. Miche ile ile yote minne, iliyolelewa kwenye mifuko mpaka shina likawa gumu, maana uligundua kuwa kaa hupenda zaidi shina laini. Na ili mtu asije akasema ulijichagulia tope zuri, uliandika namba kwenye vikaratasi, ukavitia katika kofia yako ya majani, ukamwambia Bi Saumu avute. Akavuta huku uso ameukunja. Miraba ya kaa na miraba isiyo na kaa ilichaguliwa na adui wa kaa.

Tukaanza. Kila maji ya bamvua tulikwenda, mara mbili kwa mwezi. Kuondoa mitego ya kaa, kuhesabu matundu, kupima mashina kwa futi yangu ya ushonaji, kukusanya majani ya mifukoni kwenye mikoko ya ukingoni, kuwekea kila mraba fungu lake, na fungu la pili kulikausha na kulipima.

Katika mwezi wa saba wa jaribio, wewe ulianza kuchelewa. Ulikuwa ukitoka topeni unakaa. Siku moja ulikaa mara tatu, nami nikakukaripia. Nilikwambia umekuwa mvivu, chuo kimekuharibu, msichana wa rika lako anashindwa na bibi kizee. Ukacheka, ukasema, "Leo nimezeeka, mayo." Ukasimama ukaenda kuhesabu.

Sikujua. Daktari, wallahi sikujua. Ugonjwa ulikuwa umekuanza kwenye damu na wewe umeuficha chini ya kofia ile. Neno lile, mvivu, nimelirudia mara nyingi. Nimelimeza mara nyingi. Mama yako aliniambia baadaye kwamba ulimsimulia, na kwamba ulicheka ulipomsimulia, ukasema mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado nakukaripia kama mzima, wengine wote walikuwa wamekwisha kuanza kukunong'onea. Nimelishika hilo. Lakini bado.

Simu yako ya mwisho ilikuwa siku chache baada ya Idi. Sauti yako ilikuwa mbali. Hukuniambia habari za ugonjwa. Uliniuliza, "Mayo, mitego umeiondoa?" Nikakwambia nimeiondoa. "Na matundu?" Nikakwambia nimeyahesabu. Ukasema, "Basi hakuna kilichoharibika."

Tulikuzika Kaloleni, kwa wazee wenu. Nilisafiri na leso mbili za huzuni na kina mama watano wa kikundi. Wakaimba nyimbo za kanisa nisizozijua, nami nikakuombea dua nizijuazo kwa sauti ndogo, na mama yako akanishika mkono katika zote mbili. Alipoutazama mkono wangu aliona matope meusi bado yamo chini ya kucha, nikaona haya. Akasema, "Usiyatoe. Ndiyo haya haya aliyokuwa akija nayo nyumbani."

Tuliporudi, Bi Saumu aliita mkutano. Usimkasirikie, yeye naye alikulilia sana. Lakini alisema lililo rohoni mwake: "Daktari ametangulia. Na jaribio limekwenda naye. Tulete dawa, tupande kabla ya mvua."

Mimi huwa sisemi mikutanoni. Unanijua, maneno yangu yote nayamalizia kwenye cherehani. Siku ile nilisimama nikasema, "Daktari aliomba mwaka. Haujaisha. Imebaki miezi mitano, na mitego ninayo mimi."

"Na wewe utaandika nini, Mwanamisi?" mmoja akauliza. "Umefika darasa la saba."

Nikamwambia, "Gauni lako la Idi nilikupima mara moja tu, mwili mzima, nikaandika namba kumi na nne. Lilikukaa au halikukukaa?"

Wakacheka. Bi Saumu hakucheka. "Nakupa mpaka Maulidi," akasema. "Siku moja zaidi, hakuna."

Nikaenda. Peke yangu mara nyingi, wakati mwingine na binti yangu Rukia mpaka mimba yake ilipokuwa kubwa. Nililia mara ya kwanza, ya pili sikulia, kulikuwa na upepo na namba zilikuwa zikiruka karatasini. Daftari lako lile lisilolowa nililiandika kwa Kiswahili, kwa mpangilio ule ule ulionifundisha. Chuo kilikuwa na tanuri lako la kukaushia, mimi sikuwa nalo. Nikamwomba jirani yangu muoka mikate anipe tanuri lake likishatoa mikate na moto umeanza kupoa. Akanuna kwanza, akasema mikate yake itanuka pwani. Baadaye akawa ananiuliza mwenyewe, "Leo majani hayaji?" Nilipomaliza kupima kila fungu sikulitupa. Nilishona vibahasha vya kitambaa, nikaandika tarehe na namba ya mraba kwa wino, nikavipanga kwenye sanduku langu la nguo za harusi. Sikujua vitafaa nini. Wewe hukuwa ukitupa kitu, basi.

Na macho yangu yakaanza kuona. Katika miraba isiyo na kaa, miche ilianza vizuri kuliko mingine. Kweli. Niliiandika hivyo hivyo, ingawa mkono ulikuwa mzito. Bi Saumu alipita akaiona, akanipungia kidole, "Unaona?" Niliogopa, Daktari. Kwa muda wa mwezi mzima niliogopa kwamba ulikosea, na kwamba mimi ndiye nitakayelithibitisha kosa lako mbele ya watu, nawe huna kinywa cha kujitetea.

Lakini nilikumbuka ulisema mwanzoni itamea, kisha njaa. Nikangoja. Mwezi wa tatu tangu utuache, tope la miraba ile likaanza kunuka yai viza. Ukilikanyaga linavuta mguu, halipumui. Majani niliyokuwa naweka yalikaa juu siku moja mbili, yakachukuliwa na maji, hakuna wa kuyazika. Miche ikasimama. Ikageuka manjano ile isiyopendeza, ya kuanzia pembeni. Na kule kwa kaa, kule ambako Bi Saumu alidhani kutabaki vijiti vitupu, waliguguna miche michache ile dhaifu, na iliyobaki ikatia majani mapya, manene, yanang'aa. Nikapima. Nikapima tena kwa kuwa sikuamini futi yangu.

Wiki mbili kabla ya Maulidi alikuja mtu wa chuo chenu. Kijana mpole wa bara, Mwalimu Wekesa, ulinitajia jina lake. Alisimama barazani kwangu na orodha mkononi. "Mama, pole kwa msiba. Nimetumwa kuchukua vifaa vya Daktari. Mizani, nyavu, kila kitu. Mradi umefungwa."

Nikamwambia akae. Nikamletea chai na mahamri. Kisha nikaweka daftari mbele yake.

Alilifungua kwa adabu tu, kama mtu anayetazama picha za arusi ya watu asiowajua. Akafungua ukurasa mwingine. Mahamri yakapoa. Akaniuliza, "Ni nani aliendelea kuandika?" Nikamwambia. Akasema, bila ukali, "Mama, nisamehe. Namba kama hizi, bila mtu aliyesomea kuwapo... watu watasema zimetungwa."

Nikaumia. Yeye akaendelea kufungua. Ghafla akasimama kwenye ukurasa mmoja, akauwekea kidole. Ulikuwa karibu mtupu. Juu tarehe, chini yake maneno yangu: *Sikuja. Rukia amejifungua mtoto wa kiume. Mitego imekaa bila kuondolewa siku tatu. Nimekosa.*

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni siku ambayo sikwenda."

"Ungeweza kujaza. Ungeandika namba zinazofanana na za wiki iliyotangulia, hakuna ambaye angejua."

"Nijaze vipi na sikwenda?"

Alinitazama. Kisha akavua viatu vyake vizuri, pale pale barazani, akakunja suruali. "Nipeleke," akasema.

Tukaenda. Akachagua mwenyewe mraba, akahesabu matundu kimya kimya, nami nikahesabu upande wangu bila kumwangalia. Akaandika, nikaandika, tukabadilishana. Mimi nilikuwa nimemzidi matundu manne. Akasema huenda nimekosea. Nikamshika mkono nikamwonyesha manne yale, yamejificha chini ya mizizi pale pale uliponionyesha wewe. Mwalimu Wekesa akaanza kucheka. Akapoteza mguu, akakaa chapwa! katikati ya tope, na bado anacheka, na mimi nacheka, na tulipofika nyumbani nikamwonyesha vibahasha vyangu, akaacha kucheka. Alivichukua vyote vikakaushwe upya katika tanuri la chuo na kupimwa. Jibu likaja. Vipimo vya tanuri la mikate havikuwa mbali na vyao. Vifaa vyako hakuvichukua.

Ilikuwa Maulidi, na Bi Saumu akaja mwenyewe Kipara, buibui amelikunja kiunoni. Sikumweleza lolote. Nilimwingiza mraba mmoja, akanusa, akaziba pua. Nikamwingiza mwingine. Alisimama akishika jani moja kati ya vidole viwili, kama anavyoshika kitambaa akitaka kujua ni pamba kweli. Akasema, "Yule mtoto alisema kweli." Kisha akasema, "Mungu amrehemu," na akageuka upande nisimwone uso.

Msimu ule tulipanda Kipara kizima kwa njia yako. Miche migumu, kaa wakiwa kwao. Hakuna aliyemimina kitu katika tundu lolote. Misimu kadhaa imepita tangu hapo, na miche ile ndiyo iliyonificha jana.

Na sasa siku ya ukumbi. Mwalimu Wekesa aliita mkutano hapa Likoni, wakaja wasomi, wakaja watu wa misitu, wakaja wakubwa wa ofisi wenye suti. Nilidhani atasema yeye. Akaniambia, "Mama Mwanamisi, nitaonyesha picha. Wewe utasema." Nilivaa leso mpya. Nilisema kwa Kiswahili chetu, polepole, tarehe kwanza, kisha maji, kisha nilichokiona. Nikawaambia habari za uzi mwekundu. Nikawaambia na ile siku ambayo sikwenda.

Bwana mmoja wa mbele akainua mkono. "Huyu mama amesomea wapi mambo haya?"

Nikamjibu mwenyewe. "Nimesomea Kipara. Mwalimu wangu ni Daktari Sidi, na darasa letu lilifunguliwa maji yakikupwa."

Mwingine, mwanamke mwenye miwani, akauliza swali ambalo wewe ungelipenda. Akasema, tunajuaje kwamba miraba ile miwili haikuwa na tope baya tangu mwanzo? Labda mlichagua vibaya.

Kabla sijafungua kinywa, kiti kikasukumwa nyuma. Bi Saumu. "Ilichaguliwa kwa kura," akasema, na sauti yake unaijua, haihitaji spika. "Na mimi ndiye niliyevuta kura. Mimi niliyetaka kuwaua kaa wote, mpaka wa mwisho! Kama kuna mtu aliyetaka Daktari ashindwe, alikuwa ni mimi. Na nimeona kwa macho haya. Una swali jingine?"

Ukumbi ulilipuka. Yule mwanamke wa miwani ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kina mama wetu wakapiga vigelegele, mtu akaanza kucheza chakacha mlangoni, wakubwa wa suti wakasimama mmoja mmoja. Vigelegele vile vilikuwa vyako, mwanangu. Nilivisikia vinapita juu yangu kuja kwako.

Kazi yako imechapishwa. Jina lako la kwanza. La pili ni langu. Mwanamisi wa Mtongwe, fundi cherehani, katika kitabu cha wasomi, hebu fikiri. Niliipeleka nakala kwa mama yako Kiembeni. Ni Kiingereza kitupu, na mimi na yeye hatukujua kusoma zaidi ya mistari miwili. Tukakaa mkekani, tukaweka vidole kwenye jina lako, cha kwake na cha kwangu. Baadaye akaleta chai, akaniuliza kama ulikuwa ukila vizuri huko matopeni. Nikamwambia ulikuwa ukila mihogo yangu yote. Akafurahi kuliko alivyofurahia kitabu.

Sasa niache nikuage, kabla moyo haujaanza upya. Kina mama wa Kisauni wametuma salamu. Nao wana eneo lao lililokatwa, kwenye hori, ule mkono wa bahari wa upande wao, na wamepanda na kushindwa, na wanawalaumu ndege. Wanataka niende nikawatazamie. Sijui kama ni ndege. Huenda ni ndege kweli. Sitawaambia lolote siku ya kwanza, tutakaa chini tutazame, nao kina mama wa Kisauni nimesikia hawawezi kunyamaza, basi watajifunza kama nilivyojifunza.

Nakuahidi hili, Sidi. Maadamu miguu yangu inaweza kutoka topeni, sitamwacha mtu yeyote pwani hii aseme majani yanakwenda na maji tu, kisha akaridhika. Nitamwuliza alijuaje. Na akisema hajui, nitamwambia karibu, vua viatu.

Lala salama, mwanangu. Mungu akupe makao mema. Maji yanakupwa saa tatu leo, na feri ina foleni, na Bi Saumu yuko mlangoni ananiita kwamba tumechelewa.

Abee, nakuja.

Mayo wako,
Mwanamisi